Kasiani Chini ya Sakafu

"Maji ya aliye shimoni hayamwagwi." Mmeisikia sokoni leo mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni, ila mwoga asije akaniomba baadaye nimsindikize chooni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Lihanje, miaka ya mwanzo ya kuchimba makaa ya mawe, palikuwa na nyumba moja tu ya wageni. Ilikuwa ya Skolastika Kapinga, mjane mwenye ulimi mkali na roho laini. Wachimbaji walipanga kwake, na kila jioni aliwawekea maji ya moto mlangoni, kila mtu na beseni lake, maana hakutaka shuka zake zichafuliwe na makaa. Mtu akifia shimoni, maji yake yalimwagwa njiani, na kuanzia hapo ilikuwa mwiko kumwitikia. Anayemwitikia marehemu humfuata, ndivyo walivyoamini.

Siku moja shimo liliporomoka. Wote walitoka isipokuwa Kasiani Hyera, kijana mcheshi ambaye Skolastika alimpenda kama mwanawe. Wenzake walichimba mpaka mwamba ukawashinda, na msimamizi akasema basi. Skolastika alilia sana. Kisha akamwaga maji ya Kasiani, na kitanda chake akampa mgeni, mchuuzi wa kahawa aitwaye Mgaya.

Kesho yake mchana Mgaya alitoka chumbani uso umemkunjamana, akasema kuna mtu anagonga chini ya kitanda. Wakaingia, wakasikia: ngo, ngo, ngo, kutoka chini ya sakafu ya udongo. Hakuna aliyeitikia. Skolastika aliagiza katekista aitwe. Watu wakajaa chumbani, wakaimba nyimbo za kumwombea marehemu. Kadiri walivyopaza sauti, ndivyo kugonga kulivyokwenda mbio, hata vumbi likaruka sakafuni. Wakakimbilia nje, wakafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa kimya. Watu wakashukuru kwamba roho ya Kasiani imepumzika. Mgaya alikuwa akifunga mizigo yake aondoke, akamgeukia Skolastika.

"Mama, huyo mliyemwombea, mbona aliongeza mwendo alipowasikia?"

"Alikuwa na hasira na sisi."

"Ninyi mlikwisha kumlilia, ndiyo maana mlisikia mzimu. Mimi sikumlilia. Nilisikia mtu anayeomba afunguliwe."

Skolastika aliingia chumbani. Alisukuma kitanda, akashika jembe, akaanza kuchimba sakafu yake mwenyewe. Wengine wakaona haya, wakamsaidia. Mzee mmoja ndipo akakumbuka kwamba wachimbaji wa kwanza kabisa walipitisha njia yao kutoka shimo lile hadi chini ya mtaa ule.

Udongo ukatitia. Kasiani alikuwa ameketi pale chini, nyundo mkononi, macho wazi, ameinua uso kuwaelekea. Skolastika akateremka, akamshika shingoni. Alikaa hivyo hata walioko juu wakaanza kumwita.

"Ana joto bado," alisema. "Amekata roho sasa hivi, sisi tukishukuru."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Basi, wanangu, msimlilie mtu kwa kuchoka kumtafuta, kwa sababu mkishamlilia hamtamsikia tena hata akiwaita. Maji ya aliye shimoni hayamwagwi.