Bi Zuwena na Hesabu Zilizokwenda Kombo

Paliondokea tajiri mmoja, Mwinyi Faki, mwenye wana watatu wanene waliosinzia kila walipoona hesabu. Akamwita Bi Zuwena, mwalimu aliyeipenda hesabu kuliko chakula, akamwambia, "Wasipojua hesabu kabla ya msimu wa karafuu, utauhama mji huu."

Asubuhi yake Bi Zuwena akasimama mbele yao, akapaza sauti kwa furaha, "Saba na nane ni ishirini!"

Khatibu, mkubwa wao, akafumbua jicho moja. "Si ishirini, mwalimu."

"Ni ishirini! Wewe gogo unajua nini?"

Vijana wakaghadhibika, wakapanga karafuu sakafuni wamwonyeshe. Akabisha, akalia, akaapa kwa kaburi la bibi yake, kisha akaleta kosa kubwa zaidi. Usingizi ukawaruka, wakawa wanabishana naye hata mezani.

Msimu ulipofika, baba yao akawauliza hesabu za kujumlisha, kutoa na kuzidisha, wakajibu zote bila kusita.

"Sasa baba, mfukuze mwalimu huyu," akasema Khatibu. "Hajui kitu! Tumejifundisha wenyewe."

Mwinyi Faki akamvuta Bi Zuwena pembeni. "Tisa mara sita?"

"Hamsini na nne, Bwana," akamnong'oneza. "Lakini nakuomba usiwaambie. Kesho tunaanza kugawanya."