Zimwi Aliyeatamia Vifaranga

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kuku, na mwenye kuku, na mla kuku. Nianze na nani?
Mwenye kuku!

Haya, sogeeni, na wewe uliyejikunyata huko nyuma usogee.

Hapo kale alikuwako mwanamke aliyeolewa karibuni, jina lake Mwanakombo. Shangazi yake alimpa tetea, akamwambia, "Mwanangu, uani kusiko na kuku ni ukiwa. Anza na huyu."

Lakini tetea yule alikuwa na kiburi. Alitengenezewa kiota, akakikataa. Kila asubuhi alitokomea msituni kutaga huko. Siku moja hakurudi, zikapita wiki tatu. Mwanakombo akaenda kumtafuta, akasikia mlio wa vifaranga, akaufuata mpaka ndani ya ua wa miiba.

Nyuma yake sauti ikanguruma, "Ua, fumba!"

Miiba ikajifunga. Ule ulikuwa ua wa uchawi, hausikii sauti ila ya mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa zimwi, manyoya mpaka kwenye nyayo, bawa la tetea linaning'inia mdomoni.

"Mama yao nimemla," alisema. "Mtamu, ila hakunishibisha. Nilelee hawa wanenepe. Akifa mmoja, nakula wewe. Wakinenepa wote, nawala wao, kisha nakula wewe."

Sasa hapo pana njia? Hapana njia! Zimwi alipokwenda kando, Mwanakombo akaamuru, "Ua, fumbua!" Kimya. Akabembeleza, "Ua, fumbua!" Kimya. Akalia, "Ua, fumbua!" Hata mwiba haukutikisika. Akaketi chini, hofu imemjaa.

Basi ulikuwa msimu wa kipupwe, manyunyu hayakatiki. Vifaranga wakatetemeka: chiu! chiu! chiu! Na kwa zimwi hakuna moto, maana zimwi hula vibichi.

"Babu," alisema Mwanakombo, "wanakufa kwa baridi."

"Wafunike wewe!"

"Kanga yangu imelowa. Mwenye manyoya ni wewe. Keti uwaatamie."

"Mimi? Zimwi mzima?"

"Basi wafe, ukose kitoweo."

Mlafi hana ubishi mrefu. Zimwi akaketi pale karibu na lango. Vifaranga wakaingia kwapani, wakaingia kifuani, wakaingia ndevuni, wakanyamaza. Zimwi akawachungulia. Tangu azaliwe, viumbe wote walimkimbia. Hawa walimkimbilia.

Kila alipotaka kuinuka, chiu! Akaketi tena. Njaa ikamwuma.

"Mwanamke we, sogea nikutafune!"

"Ukinitafuna, babu, nani atawalisha?"

Maana Mwanakombo ndiye aliyewaokotea wadudu mle uani. Basi wadudu wakaisha.

"Babu, wanataka mchwa. Kichuguu kiko nje. Fungua ua."

"Utatoroka. Sifungui."

Chiu! chiu! chiu!

"Babu, fungua ua."

"Sifungui!"

Chiu! chiu!

"Babu, fungua ua."

Kifaranga mdogo kuliko wote akafunua mdomo, sauti isitoke. Zimwi akamtazama kwa muda mrefu.

"Ua," alisema polepole, "fumbua."

Mwanakombo akatoka mbio. Mbio, mbio, mbio! Alipofika kichuguuni akasimama. Wale walikuwa kuku wake wa kwanza, na roho ilimwuma. Akakibomoa kichuguu, akajaza mchwa kwenye kanga, akarudi mpaka langoni. Ndani hakutia mguu, si mjinga. Akawamwaga mchwa kutoka pale pale nje, wakaangukia mapajani mwa zimwi. Vifaranga wakatoka manyoyani wakaanza kudonoa.

Zimwi angeinuka mara moja tu, angemkamata. Mkono aliunyoosha. Kisha akawatazama vifaranga, akaurudisha.

"Nenda zako," alinong'ona. "Ila usikimbie. Utawashtua."

Hadithi yangu imekomea hapo, langoni pa zimwi. Mwanakombo alifika kwake mikono mitupu, lakini mzima. Nanyi wanangu jueni: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na anayelea, hata akiwa zimwi, hawezi tena kuinuka apendavyo.