Jibini Lisilo na Mhuri

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa maana mwishoni nitamdai kila mmoja wenu jibu, na "sijui" silipokei.

Katika milima ya Ureno, juu kabisa, ambako theluji hukaa hadi watu wakaizoea kama jirani msumbufu, palikuwa na kijiji kiitwacho Penha Fria. Hapo aliishi Bibi Felismina na wajukuu wake watatu, na kila mjukuu alikuwa na kipawa chake.

Belarmino, mkubwa wao, alikuwa na kipawa cha kondoo. Aliwajua kwa kikohozi. Kondoo jike aliyegoma kukamwa na mtu mwingine yeyote, kwa Belarmino alisimama ametulia huku akicheua.

Adosinda, wa pili, alikuwa na kipawa cha ua. Huko jibini haligandishwi kwa dawa ya dukani. Maziwa hugandishwa kwa ua la mbigili, la zambarau, ambalo huchumwa kiangazi likakaushwa kivulini, kisha likalowekwa. Likizidi, jibini huwa chungu. Likipungua, maziwa hubaki maziwa. Adosinda alilipima kwa ncha za vidole, na hakuwahi kukosea.

Graciete, mdogo wao, alikuwa na mikono baridi. Msicheke. Maziwa yaliyoganda hukandwa kwa mikono hadi maji yote yatoke, na mkono wa moto huyayeyusha mafuta, jibini likatoka kavu kama chaki. Mikono ya Graciete ilikuwa baridi hata Agosti. Daktari wa mjini alimwambia kwamba ni wasiwasi tu, damu yake hukimbilia moyoni ikaisahau mikono. Na kweli alikuwa mtu wa wasiwasi. Alirudi kutazama mlango alioufunga mwenyewe. Aliandika kila kitu katika daftari: uzito wa maziwa, joto la chumba, siku, saa. Belarmino alimtania kwamba siku ya kufa ataomba kwanza kalamu.

Sasa sikilizeni habari ya mhuri. Kila nyumba ya jibini huko Penha Fria ina mhuri wake wa mti wa mzeituni, unaokandamizwa juu ya jibini likiwa bado laini. Mhuri hushikwa na mtu mmoja. Si wawili, si watatu. Katika nyumba moja ya bondeni ndugu wawili waliwahi kuushika pamoja, na kila mmoja akidhani mwenzake amekagua, wakapiga mhuri juu ya jibini lililooza, watu wakaugua, na hakuna aliyejua amlaumu nani. Tangu hapo ikawa desturi: jibini likiwa baya, watu waje kugonga mlango wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mwenye mhuri ndiye mwenye nyumba. Wengine humfanyia kazi.

Bibi Felismina alikuwa na miaka themanini na minane, na ulimi ulikuwa unamwacha. Ladha ya chumvi ilikuwa imeshamtoka. Ya asali ilianza kumtoka. Siku moja ya Januari akawaita wajukuu, akasema, "Nitengenezeeni jibini moja kama langu. Msilipige mhuri. Siku ya sikukuu ya kijiji nitalionja, nikilitambua kuwa ni langu, mhuri nitampa aliyelitengeneza."

Graciete hakulala vizuri tangu siku ile. Alikuwa ameacha kazi ya ofisini mjini ili arudi katika nyumba ile. Kama mhuri ungekwenda kwingine, angekuwa kibarua katika nyumba alimozaliwa. Na kulikuwa na hofu nyingine, ambayo hakumwambia mtu: jibini huchukua siku arobaini kuiva. Je, ulimi wa Bibi ungeweza kungoja siku arobaini?

Theluji ikaanguka. Kondoo wote wa kijiji wakafungiwa zizini wakila majani makavu, na maziwa ya majani makavu hayana ladha ya mlima, kila mtu huko anajua. Belarmino akachukua sepetu, akapanda hadi malisho ya juu, akafukua theluji siku tatu mpaka majani mafupi yakaonekana, akawapandisha kondoo kumi na wawili, mmoja mmoja, akiwasukuma kwa bega. Gari halikuweza kupanda. Siku ya nne asubuhi aliteremka kwa miguu na ndoo mbili za maziwa, ameziviringishia koti lake ili yasigande kwa baridi njiani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Akaziweka ndoo sakafuni, akasema kwamba Bi. Daftari sasa anaweza kuandika, lakini kwanza mtu ampe supu.

Walimpa supu ya sukuma wiki waliyoipanda wenyewe nyuma ya nyumba, imekatwa nyembamba kama nyuzi, na viazi, na mafuta ya zeituni juu. Wakati anakunywa, Graciete alikuwa mezani na mizani yake ndogo. Alikuwa ameshapima ua la mbigili kwa gramu, kama ilivyoandikwa katika daftari la mwaka uliopita, na kuliloweka bila kumngoja Adosinda. Hapo akakosea kosa ambalo mtu asiyeandika asingeweza kulikosea. Kiangazi kilichopita mvua haikunyesha, na ua lililokua kwa kiu huwa kali maradufu. Daftari halikujua hilo.

Adosinda akaingia, akachovya kidole katika maji yale, akalamba. Akayamwaga yote nje, akaanza upya, akatia nusu ya ua lile, kisha akapunguza kidogo tena. Graciete akamuuliza alijuaje. Adosinda akajibu, "Mdogo wangu, mwaka jana maua niliyachuma mimi. Yalinichoma kuliko miaka yote."

Maziwa yakaganda vizuri, meupe, yakitikisika kama shavu la mtoto. Graciete akayakanda kwa saa mbili na nusu bila kupumzika, kwa mikono ile ya baridi, hadi tone la mwisho la maji likatoka. Akalifunga jibini kwa utepe wa kitambaa, likabaki uso mtupu, bila alama. Kisha zikaanza siku arobaini. Wenzake walirudi kwenye shughuli zao. Yeye aliligeuza asubuhi, mchana na jioni, akaliosha kwa maji ya chumvi, akalinusa. Siku ya kumi na tisa aliona ufa mwembamba kama unywele, ambao mtu mwingine asingeuona hata kwa miwani, na kwa ufa kama ule jibini hutoka tumbo lote nje. Akabadilisha utepe, akaukaza, akalaza kiganja chake cha baridi juu ya ufa robo saa kila mara, siku nane, mpaka ukazibika.

Sikukuu ikafika. Mezani paliwekwa mkate wa mahindi, zeituni, mwanambuzi wa kuchoma, na katikati jibini. Bibi Felismina alionja mwanambuzi, akasema hana ladha. Akaonja zeituni, akasukuma sahani. Graciete alihisi vidole vyake vimekuwa barafu.

Bibi akachota jibini kwa kijiko, maana likiiva vizuri halikatwi, linachotwa. Akaliweka ulimini, akafumba macho. Adosinda aliacha kutafuna.

"Hili ni langu," Bibi akasema.

Akatoa mhuri mfukoni, akauweka mezani, akauliza ni nani aliyelitengeneza. Belarmino akasema bila theluji aliyofukua, dada zake wangekanda hewa. Adosinda akamjibu kwamba maziwa bila ua ni kinywaji cha mtoto, na kaka angekuwa bado anayanywa. Wakacheka, lakini macho yao hayakuutoka mhuri.

Ndipo Bibi akamgeukia Graciete. Akasema, "Mimi langu nimeshasema. Wewe ndiye uliyeandika kila kitu. Leta daftari, usome, kisha wewe ndiye utakayesema ni nani."

Graciete akaleta daftari. Akasoma siku tatu za sepetu. Akasoma ndoo mbili na koti. Alipofika ukurasa wa ua la mbigili, alisita. Angeweza kuuruka. Hakuna mwingine mezani aliyejua kusoma mwandiko wake mdogo, na Adosinda hakuwa amemwambia mtu yeyote. Akausoma, kosa lake lote, kwa gramu. Kisha akasoma siku ya kumi na tisa na siku nane zilizofuata. Akafunga daftari.

Bila Belarmino pasingekuwa na mlima ndani ya jibini lile. Bila Adosinda lingekuwa chungu kama dawa. Bila Graciete lingepasuka, na kabla ya kulinusuru yeye ndiye aliyekaribia kuliua. Lakini pia ni yeye aliyesoma kosa lake kwa sauti mbele ya watu, na mhuri, kama nilivyowaambia, hutafuta mtu mmoja ambaye mlango wake unaweza kugongwa.

Nje kengele zilikuwa zinalia, na majirani wamesimama uani wakingoja kusikia jina. Bibi alikuwa ameshaanza kuomba maji, akilalamika kwamba hata ladha ya jibini sasa haisikii tena. Mhuri ulikuwa mezani. Graciete akaunyanyua, ukatulia katika kiganja chake cha baridi, na Belarmino na Adosinda wakamtazama.

Mimi mdomo wangu umeishia hapo. Mhuri sasa uko mikononi mwenu, na majirani bado wanangoja uani. Wewe uliye karibu na mlango, anza: ungemkabidhi nani, na ungewatazamaje wale wawili wengine?