Ghala Lenye Joto

Ukimaliza kusoma, mpitishie na mwenzako, maana mimi kisa hiki kimenikwama kooni.

Katika mji mmoja mdogo wa Marekani, kule kaskazini ambako theluji huziba milango, aliishi bibi aitwaye Verna. Alifanya kazi katika kiwanda cha makombora, na alikuwa akimlea mjukuu wake Kendra, mtoto mwenye kifua kibovu. Kila majira ya baridi serikali ilimsaidia kununua mafuta ya kupasha nyumba joto. Mwaka huo msaada ukafutwa. Kendra akawa analala na koti na viatu, na bado anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Jumamosi moja mbunge wao akaitisha mkutano kanisani. Watu wakasimama, mikono vifuani, wakaimba wimbo wa taifa. Kisha mheshimiwa akatangaza kwamba kiwanda kimepata oda mpya ya makombora ya kupeleka vitani ng'ambo. Makofi yakapigwa. Verna naye, kwa mazoea tu, akapiga.

Alipopewa kipaza sauti akauliza, "Mheshimiwa, na mafuta yetu je?"

"Mama, hali ni ngumu. Taifa haliwezi kumbeba kila mtu. Watu wajifunze kufanya kazi."

Damu ikamchemka Verna. Akafungua koti lake, ndani amevaa sare ya kiwanda, maana alikuwa ametoka zamu moja kwa moja.

"Kazi nafanya! Mimi ndiye ninayetunza ghala la makombora. Hita haizimwi mle usiku na mchana, eti baridi itayaharibu. Basi nina ombi moja tu. Mjukuu wangu aje alale mle."

Watu wakaangua kicheko. Mbunge hakucheka.

"Haiwezekani, mama. Vile vitu ni hatari kwa watoto."

"Kumbe unajua!" Verna akasema. "Na huko mnakoyapeleka, hakuna watoto?"

Mheshimiwa akatazama saa, akasema ana safari, akatoka na wapambe wake bila hata chembe ya haya. Msaada wa mafuta haujarudi mpaka leo.

Funzo: Serikali inayohofia kombora lisipigwe na baridi, lakini mtoto akipigwa na baridi inaona sawa, haijakosa uwezo, imeamua. Na sisi tunaoupigia makofi uamuzi huo tusijifanye hatumo.