Mtoto wa Chiku Apewe Nani?

Kaeni vizuri, na anayetafuta kicheko aende kwa jirani. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ila mimi nasimulia yaliyotokea nyuma ya kamera.

Walikuwepo wanawake watatu, Morogoro, katika nyumba ya kupanga walimorekodia filamu hiyo. Siwema alikuwa mwigizaji, mwenye sauti ya kuchekesha hata waliofiwa. Zaituni aliwapamba waigizaji, na kwa wepesi wa miguu hakuwa na mfano. Mgeni aliwapikia wote, naye alikuwa ananyonyesha. Filamu ilimhusu bi harusi aliyeachiwa mtoto mlangoni. Mtoto waliyemtumia alikuwa Shomari, wa miezi mitatu, na mama yake, Chiku, alikuwa na pumu.

Siku ya nne ya kurekodi, Chiku alikuwa chumba cha nyuma, kifua kikambana. Dawa yake ya kuvuta ilibaki kwenye mkoba, chumba cha kurekodia. Pumzi ya kusimama hana, akagonga ukuta. Sasa, watu wa filamu wana sheria yao: kamera ikiwaka, hata chafya unaimeza. Akagonga tena. Siwema alisikia. Zaituni alisikia. Mgeni alisikia. Lakini mtoto alikuwa analia vizuri, wakaogopa kuharibu picha. Walipomaliza, walimkuta Chiku sakafuni, amekufa. Mimi hasira hainiishi nikifika hapa.

Shomari akakataa chupa. Mgeni akamnyima mwanawe ziwa moja, akampa yeye. Bila ziwa lile angekufa.

Kisha ikaja homa, na mvua ilikuwa imekata barabara. Zaituni akamfunga mgongoni, akakimbia peku hadi hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti.

Homa ikaisha, lakini mtoto akawa halali, hata ziwa halitaki, anakauka. Sauti ya Siwema tu ndiyo iliyomrudisha kunyonya. Siwema akaacha kazi, akamwimbia mwezi mzima. Bila sauti ile pia angekufa.

Ndipo akaja Bibi Mwanakombo, shangazi wa Chiku, ndugu pekee aliyebaki. Macho yake hayaoni tena.

"Wanangu, mimi sina nguvu ya kulea," alisema. "Mtoto mmoja, mnamtaka watatu. Semeni."

"Amenyonya kwangu, bibi," alisema Mgeni. "Ni ndugu wa mwanangu."

"Nilimbeba akikata roho," alisema Zaituni.

"Bila mimi hanyonyi wala halali," alisema Siwema.

"Na mama yake alikufaje?" aliuliza bibi.

Zaituni ndiye aliyejibu. "Aligonga ukuta, bibi. Tulisikia wote, tukanyamaza."

Machozi yakamtoka bibi. Halafu akapapasa, akamchukua mtoto, akamlaza mkekani katikati yao. "Mlimnyima mama, mkamwokoa mwana. Siku moja atauliza swali hilihili. Atakayemchukua ndiye atakayemjibu. Haya, mchukueni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Shomari akaanza kulia.

Basi nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mtoto analia pale mkekani. Ungekuwa wewe ndiye bibi, ungemkabidhi nani?