Kwa Nini Go Huvaa Nguo ya Wend Aendapo kwa Mzee Jana

Sogeeni, na mwenye daftari alifunge. Enzi hizo, kabla Kiingereza hakijajua adabu ya nyakati, vitenzi vyake vilivaa nguo zile zile jana, leo na kesho. Ilikuwa vurugu tupu! Mtu akitamka cook, wageni wananawa mikono, kumbe ndiyo kwanza anatafuta kuni.

Aliyechoshwa zaidi ni Mzee Jana, mwenye ua mkubwa yanamokaa mambo yote yaliyokwisha kutendeka. Basi alipokuwa anamwoza binti yake, Kumbukumbu, akakata maneno: hakuna kitenzi kitakachokanyaga uani kwake bila sare ya harusi. Fundi Mwanakombo akapewa kazi ya kumshonea kila mmoja mkia mfupi nyuma, wa herufi mbili, e na d. Walk akapimwa, akatoka walked, anajigeuzageuza mbele ya kioo. Cook na Wash wakapanga foleni nyuma yake.

Sasa, bwana harusi mwenyewe alikuwa nani? Go! Go yule yule, kiguu na njia. Alimpenda Kumbukumbu mpaka chakula hakipiti, lakini kutulia apimwe hawezi. Mwanakombo alimfuata na utepe hadi sokoni, hadi kisimani; akifika, mwenzake keshaondoka.

"Kesho nitakuja, dada, haki ya Mungu."

"Kesho si ndiyo harusi, we mwendawazimu!"

Siku ya harusi Go akafika kwa fundi anahema. Kitambaa kimekwisha, hakikubaki hata cha kufutia pua. Akapiga moyo konde, akaenda hivyo hivyo.

Mlangoni alisimama shangazi yake Kumbukumbu, mikono kiunoni. Wajanja walikuwa wanapita. Put alipita na nguo zake za kila siku kwa kuwa amejitwika sufuria la pilau, na nani atamzuia mwenye pilau? Sing hakuwa na mkia, ila alibadilisha kifungo kimoja cha katikati akawa sang, akapitishwa maana ndiye mwimbaji. Lakini bwana harusi? Shangazi alimpandisha akamshusha.

"Unakuja kuoa na nguo za shambani? Rudi ulikotoka! Ikifika adhuhuri hujavaa, binti yetu tunampa Stay. Yule angalau ametulia."

Na kweli, Stay alikwisha kuketi jamvini, mkia wake umenyooka, anatabasamu. Go alitokwa na kijasho chembamba. Wanasema alilia, ingawa mwenyewe amekana mpaka leo.

Akatimua mbio hadi kwa jirani yake Wend, bwana mmoja mpole, mtembezi wa polepole, ambaye alijishonea nguo yake mwenyewe, went, nzuri ajabu. Ndiyo kwanza alikuwa anaifunga vifungo.

"Niazime, ndugu yangu. Mke wangu anaondoka!"

"Ya leo tu?"

"Leo tu!"

Wend, maskini, akavua.

Go aliingia uani jua likikaribia utosi. Nguo ile haikufanana naye hata kidogo, haikuwa na herufi yake hata moja. Mama yake mzazi aliuliza, "Huyu naye katoka wapi?" Kumbukumbu peke yake ndiye aliyemjua. "Ndiye," akasema, "hebu tazameni miguu ilivyokosa subira." Vigelegele vikapigwa, ndoa ikafungwa, Stay akabaki pale pale jamvini na pilau yake.

Jioni Go akataka kuirudisha nguo. Mzee Jana akamshika mkono. "Mwanangu ameolewa na mwenye nguo hii. Siku ukija ukweni na nyingine, mimi sikujui." Wend alipiga kelele siku saba, kisha akaenda kwa Mwanakombo kushonewa mkia kama wenzake, akawa wended. Kwa aibu, siku hizi hata haonekani sana mitaani.

Na tangu siku hiyo, Go huvaa nguo zake leo na kesho, lakini kwa Jana haingii ila awe went. Kwa hiyo mtoto akiandika goed na mwalimu akaikata kwa wino mwekundu, asinune wala asidhani ni ukali. Mwalimu anamwahi mkwe wa watu njiani, asije akafukuzwa mlangoni na mkewe akapewa Stay.