Kenge Aliyepoa

Kamwene, wapendwa. Leo nawaletea habari za mtu aliyefuga kenge. Naona mmeanza kutazamana. Ndiyo, kenge, huyuhuyu anayekula mayai ya kuku kule mabondeni. Mfano huu ni wa kutunga, kwa hiyo msimtafute mtu huyo hapa Njombe. Nisikilizeni tu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoutafakari ulinichanganya, na mpaka asubuhi hii bado unanichanganya.

Kulikuwa na dereva mmoja, tumwite Mlowe, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyoka kule Ifakara. Pale palikuwa na kenge ambaye Mlowe alimfahamu tangu akiwa na urefu wa kiganja, hata akawa mkubwa, kutoka pua mpaka ncha ya mkia anajaza kitanda. Mlowe alimpenda. Kenge hakuwa na habari naye. Mlowe akikaribia, kenge alivimbisha shingo na kupuliza kama tairi linalotoka upepo, na ukisogea zaidi, mkia ulikuja kama fimbo. Aliyeweza kumhudumia ni mtunzaji mmoja tu, mwanamke aitwaye Agripina, na hata yeye alikuwa na kovu la meno mkononi.

Bustani ikafungwa, wanyama wakagawanywa. Mlowe alikuwa anastaafu na kurudi kwao, huku kwetu kwenye baridi. Akaomba kibali cha kumchukua yule kenge, akakipata. Siku ya kuondoka Agripina akamwambia, "Kaka Mlowe, huyu anataka jua kali la kuota, maji ya kuingia mwili mzima na udongo wa kuchimba. Na usitegemee kubembelezwa."

"Nitamzoeza, dada," Mlowe akasema.

"Wewe mpe jua."

Akafika Njombe mwezi wa tano. Mwezi wa tano wa hapa mnaujua. Mlowe akawaza kama ambavyo ningewaza mimi, kwamba mnyama wa joto lazima akingwe na baridi. Akajenga banda nyuma ya jiko, kuta za mbao zilizobana, juu mabati. Akaweka beseni kubwa la maji na udongo wa kutosha. Mle ndani upepo haukuingia kabisa. Jua nalo halikuingia.

Wiki ya kwanza kenge alipuliza kila alipomwona. Wiki ya pili alipuliza mara moja moja. Wiki ya nne Mlowe alikaa kwenye kigoda ndani ya banda, akanyoosha mkono, akamgusa mgongoni. Kenge akatulia tuli. Siku chache baadaye akamnyanyua na kumpakata, na kile kichwa kikubwa kikalala juu ya goti lake.

Ndugu zangu, yule mtu alilia. Alikuwa na watoto watatu, wote wako mbali, na wakipiga simu walizungumza na mama yao. Yeye aliambiwa tu, watoto wanakusalimia. Leo kiumbe aliyemkataa miaka yote amelala mapajani mwake. Akamwita mkewe. "Mama Lusungu, njoo uone. Amenikubali."

Mkewe akasimama mlangoni, akaangalia kwa muda. "Mbona macho hayafunguki vizuri? Huyu haumwi, baba?"

"Ametulia tu."

Majirani wakaja kuona. Kikundi cha akina mama kikaja baada ya kwaya, mmoja akathubutu kumpapasa mkia. Mchungaji wa pale naye akaja, na Jumapili akasimama mimbarani akasema kwamba upendo umemlainisha hata kenge. Watu wakaitikia amina. Je, ningekuwa mimi, nisingehubiri hivyohivyo? Na nyinyi msingeitikia?

Mwezi wa saba, majani yanaamka na barafu, kenge akaacha kula. Mlowe akaleta mayai, akaleta samaki, akaleta panya. Havikuguswa. Asubuhi moja kenge akatapika yai alilokula wiki iliyotangulia, limeoza. Mlowe akamfunika blanketi, akaongeza la pili. Akaingiza mkono chini ya blanketi, akakuta ngozi ni ya baridi kama sufuria iliyolala nje. Akakaa pale amechanganyikiwa. Mnyama huyu ananipenda kuliko wakati wowote, akawaza, na anakufa mikononi mwangu. Inawezekanaje?

Akampigia simu Agripina. Yule dada akasafiri mpaka Njombe, akaingia bandani, hakusalimia hata, akafunua blanketi na kuweka kiganja tumboni mwa kenge. Kisha akatazama juu, kwenye mabati.

"Hili blanketi la nini?"

"Baridi, dada."

"Blanketi linamfaa mwenye joto lake mwenyewe. Huyu joto lake lote linatoka nje. Asipolipata, hata chakula kinamwozea tumboni."

Mlowe akasema, "Lakini mbona amenizoea? Wewe hukumwona. Analala hapa, mapajani."

Agripina akamgeukia. Alikuwa anamjua mzee huyu, na nadhani alimhurumia. Kisha akasema, "Kaka, hajakuzoea. Hana nguvu ya kukukataa."

Siku ileile waliondoa mabati upande mmoja, wakaweka wavu. Wakapanga mawe makubwa ya kupata jua la mchana, na juu yake wakaning'iniza taa ya kulelea vifaranga, iwake mawingu yanapofunga. Agripina akakaa siku nne, akamwonyesha jinsi ya kuloweka mnyama kwenye maji ya uvuguvugu, akaondoka. Wiki ya tatu kenge akala samaki wawili. Wiki ya nne Mlowe akaingia na kigoda chake kama kawaida, akanyoosha mkono, na kabla hajamgusa mkia ukampiga mguuni, akaanguka na kigoda.

Akampigia Agripina akiwa bado ameshika mguu. "Amenipiga."

"Basi amepona."

"Kwa hiyo kupona kwake ni kunichukia?"

"Hakuchukii, kaka. Anachagua. Hukutaka achague?"

Mlowe akakata simu. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo naomba msimcheke mtu huyu. Wiki nzima alikaa nje ya banda, anapulizwa akisogea, anakumbuka uzito wa kile kichwa kwenye goti lake. Siku ya nane akazima taa. Akapanda juu, akarudisha mabati.

Alijua anachofanya. Wala hakujidanganya.

Siku ya tatu kenge hakupuliza tena. Siku ya tano akaguswa mgongoni, akatulia. Mlowe akampakata. Kichwa kikalala palepale gotini. Mkewe alikuwa amekuja kumwita chakula, akasimama mlangoni kama siku ile ya kwanza. Akayaona mabati. Hakusema kwa ukali, aliuliza tu kama mtu anayetaka kuelewa: "Baba Lusungu, sasa hapo unapata nini?"

Mlowe akatazama kile kichwa. Uzito ulikuwa uleule, ngozi ileile, macho yamefumba nusu kama zamani. Akangoja ile furaha ije. Haikuja. Akamweka chini taratibu, akamwomba mkewe amshikie ngazi, akapanda kuyatoa mabati kwa mikono yake, msumari mmoja mmoja.

Kenge aliishi. Mlowe hakumpakata tena maisha yake yote. Kila siku alimrushia samaki kupitia uwazi mdogo, na alipulizwa kila siku.

Sasa, wapendwa. Nilitaka niwaambie kwamba Mlowe ni jirani yako. Nimeshindwa. Ni sisi.

Ni sisi baba wa nyumba tunaosema, mke wangu siku hizi hana maneno. Zamani alibisha, siku hizi ukimwambia jambo anasema sawa. Ni sisi mama tunaosifu binti mmoja kati ya wote, huyu hajawahi kunijibu vibaya. Umewahi kumuuliza anakula? Umewahi kumtazama macho? Na mimi niliyesimama hapa, je? Mwaka juzi kikao cha wazee wa usharika kilichukua muda wa saa tano nzima, watu wakanibishia mpaka nikaondoka nimekasirika. Mwaka huu kikao kimekwisha dakika ishirini. Kila nilichosema, waliitikia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mungu ametupa amani. Akaniuliza, "Mzee Mhagama naye alisema nini?" Nikakumbuka kwamba Mzee Mhagama hajasema neno tangu Pasaka. Wala sikuwa nimeona.

Je, ile ni amani? Sijui. Nasimama mbele yenu nikiwa sijui. Upo utulivu wa mtu aliyeshiba upendo, na upo utulivu wa mtu aliyekata tamaa nasi, na kwa macho vinafanana kiasi kwamba mchungaji anaweza kuhubiri juu ya huu akidhani ni ule. Ninachojua ni kwamba tukigundua tumemzimisha mtu, kishawishi hakiishi pale. Tunaweza kujua kabisa, tukaona anaanza kupata uhai na kutukatalia, tukatamani arudi kuwa kimya. Hiyo ndiyo dhambi ninayoiogopa kwangu, kuliko ile ya kutokujua.

Kwa hiyo sina zaidi ya kazi moja ya kuwapa, na naifanya mimi kwanza. Tukitoka hapa ninakwenda kwa Mzee Mhagama. Wewe nenda kwa yule wa kwako, unamjua. Muulize, kuna jambo gani uliacha kuniambia? Halafu nyamaza. Anaweza kukujibu kwa ukali. Anaweza kusema mambo ya miaka kumi. Usijitetee, usiinuke, usimkumbushe mema yako. Kaa hapohapo, amalize.